Mkunazi: Mti Unaoachwa Lakini Haupandwi

Mkunazi ni mti mdogo wa miiba ambao katika mwambao wa Tanga hujulikana na watu wa kila rika, kwa kuwa watoto huokota matunda yake, mbuzi huyafuata machipukizi yake, na watu wazima hutafuta majani yake panapotokea msiba. Hata hivyo ni nadra kumpata mtu aliyeuchimbia shimo, akaupanda na kuumwagilia maji kama anavyofanya kwa mwembe au mnazi. Mti huu huota wenyewe penye ukuta uliobomoka, kando ya njia ya mifugo na katika viwanja vinavyosubiri kujengwa, na mwenye eneo akiuona huuacha, kwa sababu anafahamu kwamba siku moja jirani atabisha hodi kuomba majani. Mazungumzo haya yanahusu tofauti iliyopo kati ya mti unaoachwa na mti unaopandwa. Mti unaoachwa hudumu kadiri eneo tupu linavyodumu, na katika mji unaojengwa mwaka hadi mwaka, kuanzia Raskazone na Chumbageni hadi vijiji vya pembezoni, eneo tupu ndilo linalotoweka kwanza.

Jina mkunazi hubeba mimea zaidi ya mmoja, na kwa hiyo yafaa kuitenganisha kabla ya kueleza matumizi yake. Wanabotania, yaani wataalamu wa elimu ya mimea, huiweka mikunazi yote katika jenasi ya Ziziphus, jenasi ikiwa ni kundi la mimea yenye udugu wa karibu, kama ukoo mmoja wenye nyumba kadhaa. Nyumba ya kwanza ni Ziziphus mauritiana, spishi iliyopewa jina hilo na mwanasayansi Mfaransa Lamarck mwaka 1789 kwa kuihusisha na kisiwa cha Mauritius. Huu ndio mkunazi wa mijini na vijijini, wenye tunda tamu lenye uchachu, na umeenea Afrika na Asia ya kusini tangu zama za kale kiasi kwamba wataalamu hawajaafikiana kama mbegu ya kwanza ilitoka upande huu wa bahari au ule. Nyumba ya pili ni Ziziphus mucronata, ambao wengi huuita mkunazi mwitu; wenyewe ni mwenyeji wa Afrika pasipo ubishi, hupatikana kuanzia Senegali hadi Afrika Kusini, na tunda lake ni la unga mkavu usio na utamu mwingi. Nyumba ya tatu, Ziziphus spina-christi, ni mti wa Arabuni na Afrika ya kaskazini unaoitwa sidri kwa Kiarabu, na Waswahili waliohamia Omani huukuta huko ukiwa umesimama katika mabonde na nyua, asali ya maua yake ikithaminiwa na kuuzwa kwa bei kubwa.

Anayetaka kuutambua mkunazi na aanze kwa kulitazama jani. Jani la mkunazi lina mishipa mitatu mikubwa inayoanzia pamoja kwenye kikonyo na kwenda sambamba hadi karibu na ncha, jambo lisiloonekana katika miti mingi ya jirani yake, na jani la mkunazi wa matunda lina manyoya meupe laini upande wa chini, ilhali la mkunazi mwitu hung'aa na halina weupe huo. Miiba yake mara nyingi huota miwili miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kama ndoana, na ndiyo sababu mtu anayejinasua kutoka kwenye mwiba wa kwanza hujikuta amekamatwa na wa pili. Maua ni madogo, ya rangi ya kijani kinachoelekea manjano, na kwa kuwa hutoa mchozo mwingi, yaani maji matamu yanayowavuta wadudu, nyuki huyapenda sana. Tunda huanza likiwa la kijani, hugeuka manjano, kisha hukauka na kuwa jekundu la kahawia lenye mikunjo, na ndani yake mna kokwa moja ngumu ambayo kwa kawaida huhifadhi mbegu mbili.

Raskazone, rasi iliyoko mashariki ya mji wa Tanga kati ya bandari na bahari kuu, inaonyesha vizuri kwa nini mti wa namna hii hustahimili mwambao. Ardhi ya rasi hiyo imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, ambao ni mabaki ya viumbe wa baharini yaliyogeuka jiwe, na udongo wake katika sehemu nyingi ni tabaka jembamba lenye mchanga na chokaa, linalopitisha maji upesi na kupokea upepo wa chumvi kutoka baharini. Mvua ya Tanga hupita milimita 1,000 kwa mwaka, lakini huja kwa makundi mawili, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na katikati yake hupita miezi ambayo mmea wenye mizizi ya juujuu hunyauka. Mkunazi huteremsha mzizi mkuu, ule unaokwenda wima chini ya shina, katika nyufa za mwamba hadi kwenye unyevu wa chini, na ukame ukizidi hupukutisha majani ili usipoteze maji, kisha huchipua tena mvua inaporudi; mti huohuo huweza kuishi mahali penye mvua ya milimita mia chache tu kwa mwaka, na ndiyo maana hauombi huruma ya mtu.

Kutoomba huruma huko kumeugharimu, kwa maana historia ya kilimo cha Tanga ni historia ya mimea iliyoombewa huruma. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Miche hiyo 62 ikatunzwa kama mayai, ikazaa mashamba yaliyoenea kutoka Pangani hadi Korogwe, na ikafanya jina la Tanga lijulikane katika masoko ya kamba duniani. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ikafungua taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako mimea ya mabara mengine ilipandwa ili kupima kama ingeleta faida. Majeshi ya Uingereza na India yaliposhuka Raskazone mwanzoni mwa Novemba 1914 na kujaribu kuuteka mji bila mafanikio, askari walipita katika mashamba ya mpira na minazi, na katika simulizi za vita hivyo wanakumbukwa pia nyuki waliotimuliwa mizingani na kuwashambulia askari hao. Mashamba hayo yalikuwa na mwenyewe, mpango na daftari la hesabu, ilhali mkunazi ulibaki pembezoni pa shamba.

Hata hivyo haitakuwa haki kusema kwamba wasomi wa Amani hawakuitazama mimea ya wenyeji. Mtaalamu wa mimea P. J. Greenway, aliyefanya kazi Amani wakati wa utawala wa Waingereza, alikusanya majina ya mimea kwa Kiswahili na kuyalinganisha na majina ya kisayansi, na mwaka 1937 kamusi yake ikachapishwa. Mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa, ambao wanabotania huuita habaria, ulihamishiwa Nairobi takriban mwaka 1950 na kuwa msingi wa habaria ya Afrika Mashariki iliyoko huko hadi leo. Kwa hiyo mimea mingi ya mwambao iliandikwa majina, ikabandikwa kwenye karatasi na kuwekwa kabatini, lakini haikupewa tuta la kitalu. Ilijulikana bila kulimwa, na mkunazi ni mfano mzuri wa mmea uliokwama katika hali hiyo ya kati na kati.

Kilichoulinda mkunazi muda wote huo ni jani lake. Katika mafundisho ya Uislamu maiti huoshwa kwa maji yaliyochanganywa na majani ya sidri, na Waswahili, ambao katika nchi yao sidri ya Arabuni haikuwa mti wa kawaida, walilitimiza agizo hilo kwa mkunazi wa kwao, hivyo majani huchumwa, hupondwa au kutwangwa, hutiwa katika maji na kuvurugwa mpaka yatoe povu. Mti huo umetajwa pia katika Kurani, ikiwemo habari ya mti ulioko kwenye ukomo wa mbingu, na wafasiri wa Kiswahili wameutaja kwa jina la mkunazi, jambo linaloupa mti wa uani heshima ambayo mwembe na mpera haina. Majani hayohayo hutumika kuogea na kuoshea nywele, na wapo wanaoyatumia katika visomo vya kuondoa husda na maradhi yanayodhaniwa kutokana na uchawi. Ni jambo la kuzingatia kwamba mbali sana na mwambao, miongoni mwa Wazulu wa Afrika Kusini, mkunazi mwitu huitwa umlahlankosi, jina linalohusishwa na maziko ya mfalme, na tawi lake hutumika kuirudisha nyumbani roho ya marehemu aliyefia ugenini. Watu wasiojuana wala kushirikiana dini wameufikia mti wa jenasi moja wakiwa na haja ya kumsindikiza maiti.

Heshima hiyo imeacha alama hata katika majina ya mahali. Mtaa wa Mkunazini katika Mji Mkongwe wa Zanzibari, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa kuu la Waanglikana likaanza kujengwa mwaka huohuo, unabeba jina la mti, na kiambishi cha mwisho wa jina hilo kinaonyesha kwamba watu walielekezana njia kwa mkunazi. Jina limebaki, na mpita njia wa leo mtaani humo hupita kati ya mawe, maduka na kuta ndefu.

Povu la majani ya mkunazi lina maelezo yake ya kikemia. Majani hayo yana saponini, ambazo ni kemikali za mimea zenye tabia ya sabuni, kwa kuwa upande mmoja wa chembe yake hushikamana na maji na upande wa pili hushikamana na mafuta, hivyo uchafu wenye mafuta huachia ngozi na kuondoka na maji. Mababu hawakuwa na jina la saponini, lakini walijua kwamba jani changa lililopondwa vizuri hutoa povu zaidi kuliko jani zima lililochemshwa tu, na elimu hiyo ilitosha kwa kazi waliyoikusudia.

Tunda, ambalo ndilo chakula, limepewa nafasi ndogo zaidi kwa sababu moja ya kijamii, nayo ni kwamba makunazi huhesabiwa kuwa matunda ya watoto. Kitu kinacholiwa njiani na watoto watokapo shule au chuoni hakiingii katika hesabu ya chakula cha nyumba, hata kama kina manufaa makubwa mwilini. Kunazi bichi lililokomaa lina vitamini C nyingi, ambayo ni kirutubisho kinachosaidia vidonda kupona, ufizi kuwa imara na mwili kufyonza madini ya chuma kutoka katika vyakula vya mimea. Vipimo vingi vimeonyesha kiasi cha kati ya miligramu 60 na 80 katika gramu 100 za nyama ya tunda, wakati chungwa lina takriban miligramu 50. Sukari yake huongezeka kadiri linavyoiva, na likikaushwa juani huweza kuhifadhiwa kwa miezi, ingawa ukaushaji hupunguza sana vitamini hiyo, hivyo kunazi kavu ni chanzo cha nguvu zaidi kuliko cha vitamini.

Namna za kulitumia jikoni ni nyepesi na hazihitaji mtambo. Makunazi mabivu huweza kulowekwa usiku kucha, yakapekechwa kwa mwiko mpaka nyama iachane na kokwa, yakachujwa, na maji yake yakanywewa kama sharubati au yakapikiwa uji pamoja na unga wa mtama au mahindi. Yaliyokauka huondolewa kokwa, hutwangwa na kuchekechwa, na unga wake wenye utamu wa uchachu huchanganywa katika uji wa watoto badala ya sukari nyingi. Mabichi yenye uchachu yanafaa kwa achari, yakitiwa chumvi, pilipili na ndimu kama yanavyofanywa maembe mabichi. Kokwa inayobaki isitupwe ovyo, kwa kuwa ndiyo mbegu, na pia mtoto mdogo anaweza kupaliwa nayo.

Katika tiba, mkunazi una historia ndefu inayohitaji kuelezwa kwa uangalifu, kwani kuna tofauti kati ya dawa inayotumiwa, dawa iliyochunguzwa na dawa iliyothibitishwa. Inayotumiwa ni ile ambayo wazee huijua: majani yaliyopondwa hubandikwa juu ya jipu au kidonda, maji ya gome hunywewa kuzuia kuhara, na mizizi ya mkunazi mwitu huchemshwa kwa ajili ya maumivu ya tumbo na ya mwili. Iliyochunguzwa ni ile ambayo maabara zimeanza kuieleza: gome lina tanini, ambazo ni kemikali zenye ukakasi zinazokaza utando wa utumbo, na hilo linaelekeana na matumizi yake katika kuhara, gome na mizizi vina pia alkaloidi, kundi la kemikali zenye nguvu mwilini hata kwa kiasi kidogo, na tafiti zilizofanywa kwa panya zimeonyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka katika majani huweza kupunguza sukari ya damu. Nchini China mbegu za ndugu wa mkunazi zimetumika kwa karne nyingi kuwasaidia wanaokosa usingizi. Lakini panya si binadamu, na hakuna kati ya hayo yanayomruhusu mgonjwa wa kisukari kuacha dawa alizopewa hospitalini, au kuzichanganya na majani ya mkunazi bila kumweleza daktari wake, kwa maana vitu viwili vinavyoshusha sukari vikikutana mwilini vinaweza kuishusha kupita kiasi.

Tanga ina sababu ya kulielewa jambo hilo kuliko miji mingine. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 waganga wa jadi na madaktari wa hospitali katika Pangani na Tanga walianza kushirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI wakati ambapo dawa za kufubaza virusi hazikupatikana huko, na ushirikiano huo ukazaa kikundi kilichojulikana kwa jina la Tanga AIDS Working Group, kilichowatembelea wagonjwa majumbani, kuwapa dawa za miti zilizopunguza baadhi ya maradhi nyemelezi, na kuwaelimisha watu kuhusu ugonjwa wenyewe. Funzo lake halikuwa kwamba mti unashinda vidonge, bali ni kwamba mganga anayeandika alichompa mgonjwa na daktari anayeuliza bila dharau hupata pamoja elimu ambayo kila mmoja peke yake asingeipata. Kitaifa, kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974 na baadaye kikawa taasisi kamili, na mwaka 2002 Bunge likapitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala iliyoweka baraza la kuwasajili waganga. Kwa utaratibu huo, anayeuza dawa ya mkunazi anapaswa kujulikana, na anayeitumia ana haki ya kuuliza ni sehemu gani ya mti iliyotumika na kwa kipimo gani.

Uchumaji wa dawa nao una adabu yake, ambayo huamua kama mti utaishi. Majani huchumwa matawini bila kuumaliza mti, na matawi mapya huyarudisha baada ya mvua. Gome likibanduliwa kuzunguka shina zima mti hufa, kwa kuwa chini yake ndipo unapopita utomvu unaobeba chakula kutoka majanini kwenda mizizini; kwa hiyo hubanduliwa kipande chembamba cha wima upande mmoja, na kidonda huachwa kipone kabla ya kurudiwa. Mizizi ni ya mwisho kuguswa, na ikibidi huchukuliwa mzizi wa pembeni, mbali na shina, kisha shimo likafukiwa.

Kuupanda mkunazi si kazi ngumu, ila kuna mambo machache ambayo asiyeyajua huvunjika moyo mapema. La kwanza ni ugumu wa kokwa. Kokwa ikifukiwa ilivyo inaweza kukaa wiki nyingi kabla ya kuota, kwa sababu maji huchelewa kupenya, lakini ikigongwa taratibu kwa nyundo au jiwe mpaka ipate ufa, pasipo kuipondaponda mbegu ya ndani, huota kwa muda mfupi zaidi. Kabla ya kugongwa, kokwa hutumbukizwa katika maji ya chumvi nyingi, zinazoelea zikatupwa kwa kuwa ni tupu au dhaifu, na zinazozama zikaoshwa kwa maji baridi, zikagongwa na kupandwa.

La pili ni mzizi mkuu, ambao ukiguswa huchukia. Mche ukikaa mno katika kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa kitaluni, mzizi hufika chini, hujikunja na kujizungusha, na mti utakaotokea hautakuwa na uwezo wa kutafuta maji ya mbali. Mkulima ana njia mbili: apande mbegu mbili tatu moja kwa moja katika shimo la kudumu kisha abakize mche mmoja wenye nguvu, au atumie viriba virefu na kuhamisha miche ingali midogo mwanzoni mwa masika. Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha, likijazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza, na penye mwamba kama Raskazone yafaa kuutafuta ufa kwa mtaimbo kabla ya kuamua mahali pa kuchimba. Miti ya matunda hupewa nafasi ya mita 6 hadi 8, na ile ya ua, inayokusudiwa kuzuia wanyama, hupandwa karibu karibu. Katika kiangazi cha kwanza mche humwagiliwa maji na kuwekewa matandazo, yaani majani makavu yanayofunika udongo ili usipoteze unyevu, na hapo ndipo unapohitaji kulindwa zaidi na mbuzi, ambao huupenda kwa sababu majani yake yana protini nyingi.

La tatu ni ubora wa tunda, kwa maana mkunazi uliotokana na mbegu haufanani lazima na mama yake. Mtu akiwa na mti wenye matunda makubwa na matamu, njia ya kuuhifadhi ni kubebesha, ambako ni kuchukua jicho au kikonyo cha mti huo na kukiunganisha na mche wa kienyeji wenye unene wa kalamu, mpaka viwili viwe kitu kimoja. Kule India, ambako tunda hili huitwa ber, wakulima wameteua kwa njia hiyo aina zenye majina yake, kama Gola na Umran, zenye matunda yanayokaribia ukubwa wa ndimu. Aina hizo zikapelekwa Niger na nchi nyingine za Saheli, zikabebeshwa juu ya mikunazi ya huko, na matunda yake yakapewa jina la tufaha la Saheli. Mzizi wa kienyeji ulibakiza uvumilivu wa ukame, na kikonyo kikaleta tunda la sokoni. Mkoa wa Tanga, wenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano kilichoanza katika miaka ya 1930 kwa ajili ya mkonge, haukosi mikono inayojua kazi ya kitalu. Kilichokosekana ni kuuhesabu mkunazi kuwa mmea unaostahili kazi hiyo.

La nne ni kupogoa. Mkunazi huzaa kwenye matawi mapya ya mwaka huohuo, kwa hiyo usipopogolewa, matawi ya zamani hujaa miiba na kivuli, na matunda hupungua na kuwa madogo. Hupogolewa mara moja kwa mwaka wakati wa ukavu, mti unapokuwa umepukutisha majani, na matawi yaliyokatwa hayapotei, kwa kuwa ya miiba huzungushia bustani, mazito hutoa kuni na mpini wa jembe, na majani yanayosalia ni malisho. Mti uliobebeshwa huanza kuzaa mapema kuliko wa mbegu, ambao kwa kawaida hungojewa miaka mitatu au zaidi, na tunda huiva miezi minne hadi sita baada ya maua. Maadui wake wakubwa ni nzi wa matunda, ambao huzuiwa kwa kuokota na kufukia matunda yote yaliyoanguka, na ukungu mweupe kama unga unaoshambulia maua na matunda machanga, ambao hupungua mti ukipogolewa ili upepo na jua vipite.

Msikilizaji makini atauliza kama mti unaovumilia kiasi hiki hauwezi kugeuka kuwa kero, na swali hilo ni la haki. Kaskazini mwa Australia, ambako mkunazi si mwenyeji, mifugo na wanyama wa porini walisambaza mbegu zake mpaka ukawa gugu linalofunga malisho, na huko sheria inaamuru udhibitiwe. Katika mwambao wa Tanga mti huu uko miongoni mwa jamaa zake na wanyama wanaoujua, lakini tahadhari inabaki: usipandwe kando ya kijia ambapo watoto hupita pekupeku, usiachwe kuingia katika shamba la jirani, na machipukizi yasiyotakiwa yang'olewe yangali madogo, kwani ukishakomaa hukatwa leo na kuchipua kesho.

Kwa hiyo suala la mkunazi halihusu kugundua mmea mpya wala kuokoa mmea unaokaribia kutoweka duniani, kwa sababu mkunazi ni mwingi. Linahusu mahali unapoota. Jani la porini wilayani Mkinga au Pangani halimsaidii mwenye msiba aliyeko Bombo, mjini Tanga, asiye na usafiri, na matunda yaliyoiva mbali hayamfikii mtoto wa mjini ambaye uwanja aliokuwa akiokotea makunazi umezungushiwa ukuta. Mahali pa kuupanda papo: nyua za misikiti, kingo za makaburi, viwanja vya shule, na bustani kubwa za nyumba za Raskazone, ambazo zina nafasi na mwamba ambao mimea mingine ya matunda huushindwa. Anayeupanda hapo hufanya kwa mikono yake kile ambacho zamani kilifanywa na mbuzi, ndege na bahati.

Umiliki wa mti pia hubadilika. Mti ulioachwa hauna mwenyewe wa kuulilia, na mjenzi akija na panga huuliza tu kama njia ipo wazi. Mti uliopandwa huulizwa umepandwa na nani. Na desturi ya mwambao inaongeza hoja moja ambayo haihitaji takwimu: maiti huzikwa siku hiyohiyo au kesho yake, majani hutafutwa katika saa hizo chache, na mkunazi uliopandwa kwa mbegu huhitaji miaka kadhaa kuwa mti wa kuchumwa. Aliyengoja mpaka ahitaji amekwisha kuchelewa.